Jinsi Mkoa Unavyonunua Dawa (2): Mshitiri na Nguvu ya Kununua kwa Pamoja

Wiki iliyopita tulieleza safari ya dawa kutoka Bohari ya Dawa (MSD), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, hadi kwenye zahanati. Leo tujibu swali lililobaki: kituo kifanye nini MSD inapojibu kwamba dawa kilichoomba haipo?

Zamani kila kituo kilihangaika kivyake. Mganga mfawidhi alikusanya bei kutoka maduka ya dawa ya mjini, akasubiri kibali cha halmashauri, kisha akanunua makopo machache na kulipia usafiri juu yake. Mnunuzi wa makopo mawili hana sauti mbele ya muuzaji. Tena, dawa zilizotoka maduka mengi zilikuwa ngumu kufuatiliwa ubora wake.

Mwaka 2014 Mkoa wa Dodoma, ukisaidiwa na Uswisi kupitia mradi wa Tuimarishe Afya, ulianza kutumia mfumo wa Mshitiri, maarufu kwa jina la Jazia. Morogoro na Shinyanga zikafuata, na ilipofika 2018 mfumo ulikuwa umeenea katika mikoa yote 26 ya Tanzania Bara. Mkoa hutangaza zabuni moja kwa niaba ya halmashauri zake zote, ukampata msambazaji mmoja binafsi, ndiye anayeitwa mshitiri, wa kuziba pengo linaloachwa na MSD. Bei za bidhaa huwekwa kwenye mkataba kabla upungufu haujatokea, wakati mnunuzi bado ana nafasi ya kulinganisha na kukataa. Anayetafuta bei wakati mgonjwa yuko kitandani hulipa anachoambiwa.

Tuchukue mfano wa oksitosini, sindano ya kumkinga mama asivuje damu nyingi baada ya kujifungua. MSD ikithibitisha kwamba haina, kituo hujaza fomu ya maombi na kuipeleka halmashauri. Mfamasia wa wilaya hujumlisha mahitaji ya vituo vyake na kutuma oda moja kwa mshitiri. Mzigo ukifika, wakaguzi wa mapokezi hufungua maboksi, wakahesabu, wakalinganisha na oda, wakasoma namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa oksitosini hawaishii hapo: dawa hii hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, hivyo ikiletwa kwenye boksi lenye joto ni ya kukataliwa hata kama idadi imetimia. Sahihi ya mapokezi ikiwekwa bila ukaguzi, mkataba mzuri haumsaidii mama yule.

Fedha za kulipia hutoka kwenye mfuko wa kikapu (fedha za pamoja za wahisani wa afya), malipo ya bima na ya papo kwa papo. Hapa ndipo mfumo unapoweza kukwama. Halmashauri isiyolipa kwa wakati inamlimbikizia mshitiri madeni, na msambazaji anayedai hana mtaji wa kuleta mzigo mwingine. Bei iliyopatikana kwa zabuni ya mkoa mzima hulindwa na nidhamu ya kulipa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo chako, usiridhike kuambiwa kwamba dawa zimekwisha. Omba kuona leja, jibu la MSD, fomu iliyopelekwa halmashauri na tarehe yake. Fedha zinazonunua dawa ni za wananchi, nawe umechaguliwa kuzisimamia.

Wiki ijayo: mikataba ya matengenezo ya vifaa tiba.