Kabla ya Kuhamia Bagamoyo, Zipime Saa za Familia Yako

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam kuna mazungumzo yanayofanana. Kodi imepanda, watoto hawana uwanja wa kuchezea, na jamaa fulani ameleta habari za kiwanja Bagamoyo. Umbali ni yapata kilomita 70, barabara ni ya lami, na upepo wa bahari haununuliwi. Basi Jumamosi moja familia hufunga safari. Hula samaki karibu na ufuo, hutazama milango ya kuchonga, na jioni irudipo imekwisha kuamua moyoni. Uamuzi wa namna hiyo umefanywa kabla ya wakati wake, kwa kuwa familia imeuona mji kwa jicho la mtalii, na mtalii haamki alfajiri kuwahi kazi.

Si kwamba mji hauna cha kupendwa. Kilomita 5 hivi kusini yake, huko Kaole, yapo magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo yanayoshuhudia kwamba Waislamu walikaa na kuswali katika pwani hiyo karne nyingi kabla ya meli za Wajerumani kufika. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, ikibeba pembe za ndovu pamoja na dhuluma kubwa ya biashara ya watumwa. Wajerumani waliufanya kuwa makao makuu yao, kisha mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam. Reli ya kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905 kutokea Dar es Salaam, biashara nayo ikafuata reli. Kwa hiyo mji huu umekwisha kunyang'anywa mara mbili na jirani yake: kwanza hadhi, kisha biashara. Siku hizi jirani huyo huwachukua pia wakazi wake kila alfajiri na kuwarudisha usiku wakiwa wamechoka.

Hapo ndipo penye hesabu. Tuseme safari ya kwenda kazini ni saa mbili na ya kurudi saa mbili, siku tano kwa wiki. Hizo ni saa 20 kwa wiki. Kwa wiki 48 za kazi ni saa 960, yaani siku arobaini kamili, usiku na mchana, ambazo baba au mama atazitumia barabarani kila mwaka. Nafuu ya kodi ipimwe kwenye mizani pamoja na siku hizo arobaini na nauli yake. Huenda bado ikazidi uzito, lakini ipimwe.

Tena saa zinazopotea ni zile zilizo bora kwa familia. Sisi wa pwani hii tu karibu na ikweta, na jua letu halibadiliki sana. Mwaka mzima Magharibi huingia baina ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi hivi. Anayetoka ofisini saa kumi na moja jioni atakutwa na Magharibi njiani takriban kila siku ya kazi. Ajue kabla atateremka wapi kuswali. Wala asitegemee ruhusa ya msafiri bila kuuliza: wanazuoni wengi wa madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na wengi hapa pwani, huukadiria umbali wa kupunguza swala kuwa zaidi ya kilomita 80, na Bagamoyo haifiki huko. Amwendee mwalimu wake na suala hilo. Aidha, saa hiyo ya Magharibi ndiyo watoto hurudi nyumbani, daftari hufunguliwa na chakula huliwa pamoja. Mzazi aingiaye baada ya Isha huwakuta wamelala.

Kwa sababu hiyo, ukaguzi wa haki unahitaji safari tatu. Ya kwanza ni hiyo ya Jumamosi, na haina lawama. Ya pili ni ya siku ya kazi: lala Bagamoyo Jumapili, uondoke Jumatatu baada ya Alfajiri kwa chombo kile kile utakachokitumia kila siku, kisha urudi jioni yake. Andika saa ya kutoka na saa ya kufika. Kumbuka kwamba "Dar es Salaam" si mahali pamoja. Afanyaye kazi Tegeta au Bunju na afanyaye kazi Kariakoo hawana safari moja. Vivyo hivyo, "Bagamoyo" ya wauza viwanja yaweza kuwa Mapinga au Kerege, maeneo ya wilaya hiyo yaliyo karibu zaidi na jiji lakini mbali na mji mkongwe, misikiti yake na hospitali ya wilaya.

Safari ya tatu ni ya masika, kati ya Machi na Mei. Kiwanja kilicho kikavu Januari hujieleza chenyewe mvua ikinyesha. Tazama maji yanasimama wapi, na njia ya kutoka barabara kuu inapitika vipi. Uliza pia maji ya kunywa. Mto Ruvu uliomo wilayani humo hulisha Dar es Salaam, lakini hilo si dhamana kwamba bomba limefika mtaani kwako, na kisima kilicho karibu na bahari chaweza kutoa maji ya chumvi.

Katika safari hizi mama wa nyumba asiwe abiria tu. Mara nyingi yeye ndiye atakayebaki na mji mchana kutwa. Aende sokoni mwenyewe, aone shule na madrasa kwa miguu, aulize mtoto akishikwa na homa usiku atapelekwa wapi na kwa usafiri gani. Kama naye ana biashara au kazi jijini, saa zake zihesabiwe sawa na za mumewe. Wazee wanaowategemea nao waulizwe, maana kuhama kwaweza kuwa mbali na hospitali waliyoizoea.

Kuhusu ardhi, pupa ni hasara. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais; unachopata ni haki ya kuitumia, na muda wa hati hauzidi miaka 99. Fanya upekuzi rasmi kwa msajili wa hati, ukaongee na serikali ya mtaa au kijiji, na uwasikilize majirani wa mpakani. Uliza halmashauri kama eneo limo katika ardhi iliyotengwa kwa mpango wa bandari ya Mbegani na ukanda maalumu wa kiuchumi. Na anayevutiwa na nyumba ya kale ya mawe na chokaa ajue kwamba majengo ya kihistoria hulindwa na sheria, hayabomolewi wala kukarabatiwa apendavyo mtu, na saruji ikipakwa juu ya chokaa huzuia ukuta usipumue.

Waarabu husema jirani kwanza, kisha nyumba. Bagamoyo ina ushahidi mkubwa wa neno hilo. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa mjini humo kutoka bara akiwa mtoto mtumwa. Alisoma, akafanya biashara, akawa mwanazuoni na kiongozi wa tarika ya Qadiriya ambaye watu walisafiri kumfuata. Hadi alipofariki mwaka 1931 hakuna aliyeweza kumwita mgeni. Mji ulimkubali kwa sababu aliishi ndani yake: alisomesha hapo, akauza na kununua hapo, akazika na kuozesha pamoja na watu wake.

Hilo ndilo swali la mwisho la mkaguzi. Je, tutaishi Bagamoyo, au tutalala tu? Familia ambayo angalau mmoja wa wazazi atakuwepo Alasiri, itakayoswali katika msikiti wa mtaa na kuhudhuria misiba ya majirani, yaweza kupata huko malezi ambayo jiji limeyapoteza. Familia ambayo wote wataondoka gizani na kurudi gizani itakuwa imebadilisha chumba cha kulala tu. Asiye na hakika apange nyumba kwa miezi sita, masika ikiwamo, kabla ya kununua tofali la kwanza. Kodi ya miezi sita ni ghali, lakini ni nafuu kuliko nyumba ambayo watoto wanakulia humo bila kumwona baba yao.