Helikopta za Jeshi Zichaguliwe kwa Mlima na kwa Fundi

Sisi wa Tuwan, mtaa wa Kitale, tunaijua helikopta kwa mlio kabla ya kuiona. Ikiwa ndogo, mlio wake ni mwembamba kama wa nyuki. Ikiwa ni Huey, ile kubwa ya jeshi, mapanga yake yanapiga hewa kwa kishindo kizito na mabati ya nyumba zetu yanaitikia. Watoto wanachomoka vichochoroni, wakubwa wanainua macho, na swali ni lile lile: inaenda Pokot au inatoka? Tangu Februari 2023, serikali ilipowatuma wanajeshi kuwasaidia polisi dhidi ya wezi wa mifugo katika kaunti sita za kaskazini, swali hilo linaulizwa kwa moyo mzito.

Alhamisi ya Aprili 18, 2024 likapata jibu ambalo hakuna aliyelitarajia. Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi, alikuwa ametembelea Shule ya Wavulana ya Cheptulel huko Pokot Magharibi, katika ziara ya kufuatilia shule zilizofungwa kwa sababu ya ujambazi. Aliruka kutoka hapo kwa Huey ya jeshi akiwa na wenzake 11. Muda mfupi baadaye ndege ikaanguka Sindar, Elgeyo Marakwet. Kumi wakafa, yeye akiwemo, wawili wakanusurika. Ogolla hakuwa mgeni wa ndege. Alikuwa rubani wa kivita, akapanda ngazi hadi kuwa Kamanda wa Jeshi la Wanahewa. Kutoka Kitale, mahali alipoanguka ni upande wa pili tu wa milima ya Cherang'any.

Wiki tano baadaye, Rais William Ruto akiwa ziarani Washington, Marekani ilitangaza kwamba itaipa Kenya helikopta 16: Huey nane na MD-500 nane. Habari ilipokelewa kama neema. Sikatai msaada, na wanajeshi wetu wanahitaji ndege. Lakini nilitamani sana mtu mmoja, bungeni au kwingine, asimame aulize hadharani: je, hizi ndizo tulizozihitaji, au ndizo zilizokuwapo za kutolewa?

Tuanze na mlima, maana kwetu kila kitu kinaanzia hapo. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa tunayovuta ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Helikopta inaishi kwa hewa mara mbili: injini inaihitaji ili kuchoma mafuta, na mapanga yanaihitaji ili kupata kitu cha kukanyaga. Hewa ikipungua, vyote viwili vinadhoofika pamoja. Ndege inayobeba askari kumi na mizigo yao kule Lamu bila taabu huenda ikalazimika kuacha baadhi yao chini ikifika huku, hasa adhuhuri, jua linapoichemsha hewa na kuifanya nyepesi zaidi. Na hapo bado hujavuka Cherang'any, ambayo kilele chake kinapita mita 3,300, ukashuka ghafla hadi Bonde la Kerio lenye joto kali na upepo unaogeuka bila taarifa.

Waganda walilipa bei ya kutouheshimu mlima. Agosti 2012 walituma helikopta nne kuelekea Somalia kupitia anga yetu. Tatu za kivita, aina ya Mi-24, zilianguka kwenye Mlima Kenya. Ile ya nne, Mi-17 ya kubeba watu, ilifika Garissa salama.

Sasa ziangalie hizo tulizoahidiwa. Huey iliruka mara ya kwanza 1956. Zile tulizoanza kupokea mwishoni mwa 2016 zinaitwa Huey II: bodi ya zamani iliyovuliwa na kusukwa upya, ikapewa injini yenye nguvu zaidi na mapanga bora. Kwa milima hiyo ni hatua nzuri, nami naisifu. MD-500 nayo jeshi letu linaijua tangu miaka ya 1980, na 2020 tulipokea sita za aina mpya, MD 530F, iliyoundwa makusudi kwa nchi za joto na miinuko. Ila zote mbili zina injini moja. Sisemi injini moja ndiyo iliyomuua Jenerali. Nasema kwamba juu ya bonde lile, ambako huoni uwanja wa kutua ila miamba na miteremko, injini ya pili si anasa.

Kisha MD 530F ni ndege ya kupiga. Inabeba bunduki na roketi, lakini haina nafasi ya kumlaza majeruhi ukamhudumia. Ukiwauliza watu wa Chesegon au Tot, kule bondeni, wanachokosa, hawatakutajia roketi. Usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 50 Pokot Magharibi. Barabara zilikatika, madaraja yakasombwa, helikopta zikatumwa nazo zikazuiwa na hali ya hewa watu wakingoja kufukuliwa. Novemba 1, 2025 ikawa zamu ya Chesongoch, Marakwet Mashariki, na majeruhi wakabebwa kwa helikopta hadi Eldoret. Huko helikopta ndiyo barabara. Tunahitaji inayobeba, yenye injini mbili, yenye vyombo vya kumsaidia rubani mawingu yanapofunga.

Lakini hata hiyo haitafaa kitu ikikosa fundi, na hapa ndipo mkulima yeyote wa Trans Nzoia anaweza kuifundisha Wizara ya Ulinzi. Pita mashamba ya Kwanza au Kiminini msimu wa kulima uhesabu trekta za Massey Ferguson. Mkulima haichagui kwa kuwa ndiyo nzuri kuliko zote duniani. Anaichagua kwa kuwa ikikwama shambani mvua ikikaribia, spea ziko mjini na fundi wa mtaani anaifungua akiwa amefumba macho. Jirani yake akiletewa trekta ya bure ya aina ambayo hakuna mwingine anayo, mwaka wa kwanza anaringa nayo, mwaka wa tatu kuku wanataga ndani yake.

Jeshi letu lina Puma za Kifaransa zilizonunuliwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Lina Z-9 za Kichina, Mi-171 za Kirusi, AW139 za Kiitaliano, na hizo Huey na MD za Kimarekani. Kila kabila la ndege lina spea zake, vifaa vyake, vitabu vyake, na fundi aliyesomea hiyo tu. Siasa za dunia nazo zinaingia ghalani. Ufilipino ilikuwa imeagiza Mi-17 za Kirusi, lakini 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, ikaachana nazo kwa kuhofia vikwazo. Mwenye Mi-171 leo lazima ajiulize spea zitatoka wapi kesho. Yetu moja ilianguka Kajiado Juni 24, 2021 katika mazoezi, na wanajeshi wasiopungua kumi wakafa.

Tena wakituambia ununuzi wa ndege za jeshi ni siri, tusidhani siri inalinda. Vuka mpaka wa Suam uwaulize Waganda. Miaka ya 1990 nchi yao ilinunua Mi-24 zilizotumika, kimya kimya, kwa jina la usalama. Mbili za kwanza zilipofika 1998 zilikutwa mbovu, haziwezi kazi. Ilibidi iundwe tume ya Jaji Julia Sebutinde ndipo wananchi wajue fedha zao zilikwenda wapi. Siri haikumficha adui kitu. Ilimficha mlipa kodi.

Jirani zetu wa Bungoma wana sababu nyingine ya kuuliza. Machi 2008 jeshi lilipopanda Mlima Elgon kupambana na wapiganaji wa kundi lenye silaha la SLDF, helikopta zilikuwa sehemu ya operesheni ile. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika malalamiko mazito ya mateso na ya watu waliotoweka mikononi mwa wanajeshi, na ziko familia Cheptais na Kapsokwony ambazo hadi leo hazijazika. Anayechagua helikopta anachagua pia itakuja kwa nani na kufanya nini.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wa Trans Nzoia, Bungoma, Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet, wa mrengo wowote: makadirio ya Wizara ya Ulinzi yakifika mbele yenu, msipitishe bila kuuliza. Katika helikopta zote tulizo nazo, ngapi zinaruka leo? Spea na mafunzo ya mafundi vimetengewa kiasi gani? Ngapi zinaweza kumbeba mtu aliyelala kutoka Chesegon hadi Kitale, mchana wa jua, zikavuka Cherang'any? Hakuna siri ya vita katika maswali hayo. Wanaopanda ndege hizo ni watoto wetu, nao wanastahili tuwaulizie kabla hawajaruka.