Ramani ya Mtaala na Ufundishaji wa Stadi za Maktaba

Aghalabu mwanafunzi wa chuo kikuu hutembezwa maktabani mara moja tu, katika juma la kwanza. Anapoandika tasnifu mwaka wa nne, mafunzo hayo amekwisha kuyasahau. Ramani ya mtaala yaweza kuliondoa tatizo hili.

Ramani hii ni jedwali. Kozi zote za shahada huorodheshwa kwa mfuatano wa miaka. Mkabala wa kila kozi huandikwa kazi anayopewa mwanafunzi na stadi ya maktaba inayohitajika. Kozi ya kwanza ya fasihi itadai ujuzi wa rafu: katika uainishaji wa Maktaba ya Bunge la Marekani, Kiswahili kimetengewa PL8701 hadi PL8704. Kozi ya isimu itadai utafutaji wa makala za majarida. Mbinu za utafiti, tathmini ya vyanzo na urejeleaji.

Jedwali likikamilika, mapengo na marudio hujitokeza bayana. Stadi iliyorudiwa bila sababu hupunguzwa. Iliyosahauliwa hutengewa kipindi kabla tu ya kazi inayoihitaji, kwani stadi isiyotumiwa husahaulika upesi.

Hata hivyo, mkutubi hawezi kuichora ramani hii peke yake, maana ni wahadhiri wanaojua kila kozi inadai nini. Idara za Kiswahili, basi, zimwalike katika vikao vya kurekebisha mtaala.