Santuri Iliyoeleza Jinsi Ilivyotengenezwa

Mwishoni mwa mwaka 1976, vijana wanne wa mji wa Manchester, Uingereza, waliojiita Buzzcocks, walitaka kutoa santuri. Siku hizo iliaminika kwamba kazi hiyo ni ya makampuni makubwa ya London, yenye mitambo ya thamani na wataalamu wengi. Vijana hao walikopa pauni 500 kutoka kwa jamaa na marafiki, na tarehe 28 Desemba wakaingia katika studio ya Indigo mjini mwao. Nyimbo nne zilirekodiwa siku hiyo hiyo.

Santuri hiyo, Spiral Scratch, ilitoka Januari 1977 kwa jina la kampuni waliyoianzisha wenyewe, New Hormones. Nakala 1,000 za kwanza ziliisha upesi, na baadaye ziliuzwa zipatazo 16,000. Lakini jambo linalostahili kuchunguzwa na mwanafunzi wa sayansi liko nyuma ya jalada lake. Hapo paliandikwa, kwa kila wimbo, ni jaribio la ngapi lililochaguliwa na ni sauti gani iliyoongezwa baadaye. Wimbo wa "Breakdown" ulikuwa jaribio la tatu, bila nyongeza. Nyimbo tatu nyingine zilikuwa jaribio la kwanza, pamoja na nyongeza ya gitaa. Kwa maneno mengine, jalada lilifanya kazi ya taarifa ya maabara.

Kurekodi kwa pamoja

Ili kuelewa taarifa hiyo, yafaa kwanza kujua ukanda wa sumaku unavyofanya kazi. Ukanda ni utepe wa plastiki uliopakwa chembechembe za oksidi ya chuma. Maikrofoni hugeuza mawimbi ya sauti kuwa umeme. Umeme huo hupita katika koili ya sumaku ndogo iitwayo kichwa cha kurekodia, nao ukanda unapopita mbele ya kichwa hicho, chembechembe zake hubaki na alama ya sumaku. Alama hizo zikipita tena mbele ya kichwa cha kusikilizia, huzalisha umeme katika koili yake, na sauti hurudi.

Bendi inapopiga pamoja katika chumba kimoja, sauti ya ngoma haiingii katika maikrofoni ya ngoma tu. Huingia pia katika ile ya mwimbaji na ile ya gitaa. Kwa sababu hiyo, mpigaji mmoja akikosea, kosa lake haliwezi kufutwa peke yake. Ama kosa likubaliwe, ama bendi nzima ianze upya. Ndiyo maana "jaribio la tatu, bila nyongeza" ni habari yenye uzito: kinachosikika ni dakika zile zile zilizopigwa chumbani.

Kichwa kimoja, kazi mbili

Nyongeza nayo ina tatizo lake la fizikia. Mpigaji anayeongeza gitaa hana budi kusikia yaliyokwisha kurekodiwa huku akipiga. Tuseme kichwa cha kusikilizia kiko sentimita 3.8 mbele ya kichwa cha kurekodia, na ukanda unakwenda sentimita 38 kwa sekunde. Sauti ya zamani itamfikia baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, na gitaa lake litachelewa kwa kiasi hicho hicho. Mafundi walitatua tatizo hilo kwa kukitumia kichwa cha kurekodia chenyewe kusikilizia njia za zamani, huku njia iliyo tupu ikirekodi sauti mpya. Hivyo sauti zote mbili hukaa mahali pamoja juu ya ukanda.

Studio yahamia nyumbani

Mfano wa Manchester ulifuatwa haraka. Mwaka huo huo wa 1977, bendi ya Desperate Bicycles ya London ilitoa santuri yake ya kwanza kwa pauni 153, na ikaitangaza gharama hiyo ili wengine wajue kwamba jambo hilo linawezekana.

Muziki huu wa roki wa kujitegemea ulienea hata New Zealand. Huko Chris Knox na Doug Hood walitumia kinasa sauti cha TEAC chenye njia nne, ambacho kiliweza kubebwa hadi walipo wanamuziki. Kwa mtambo huo walirekodi Boodle Boodle Boodle ya bendi ya The Clean, iliyotoka mwaka 1981 na kuingia miongoni mwa santuri kumi za juu nchini humo.

Njia nne hazitoshi kwa bendi yenye ala nyingi. Dawa yake ni kuchanganya njia tatu na kuzinakili katika ile ya nne, kisha kuzitumia upya zile tatu. Hata hivyo, kila nakala huongeza mvumo wa ukanda: mivumo miwili iliyo sawa kwa nguvu, ikijumlishwa, huongeza kelele kwa desibeli 3 hivi. Kwa hiyo mwenye mtambo mdogo hulazimika kuamua mapema sauti ipi iungane na ipi, maana zikishaunganishwa haziwezi kutenganishwa tena.

Zoezi la darasani

Siku hizi simu ya mkononi yaweza kurekodi, na kompyuta hunakili bila kuongeza mvumo. Lakini kanuni za chumba na umbali hazikubadilika. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi ngoma moja, mwimbaji mmoja na simu moja. Warekodi simu ikiwa sentimita 30 kutoka kwa mwimbaji, kisha mita 3, na walinganishe jinsi mwangwi wa chumba unavyozidi. Wakumbuke kwamba simu nyingi hukuza zenyewe sauti iliyo hafifu. Hivyo wasikilize uwiano wa ngoma na mwimbaji zaidi ya ukubwa wa sauti.

Mwishowe waandike kwenye kila rekodi: jaribio la ngapi, umbali gani, nyongeza ipi, gharama kiasi gani. Kikundi kingine kikabidhiwe maandishi hayo peke yake, kisha kijaribu kupata matokeo yale yale.