Uwakilishi wa Chuo Kikuu kwa Wahitimu wa Kidato cha Sita: Nafasi ya Wanafunzi wa Uzamili na Uzamivu Mkoani Singida

Tangu mwaka 2010, mhitimu wa kidato cha sita nchini Tanzania aliomba nafasi ya shahada ya kwanza kupitia mfumo wa pamoja wa udahili uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kuanzia mwaka wa masomo 2017/2018, maombi yalirejeshwa vyuoni. Mabadiliko hayo yalizaa haja mbili: chuo kilihitaji kujinadi, na mwombaji alihitaji kuelekezwa. Makala hii inafafanua namna mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anavyosimama kati ya haja hizo mkoani Singida.

Vyuo vikuu vingi anavyoviomba mhitimu wa Singida vipo nje ya mkoa. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kipo mkoa jirani. Lakini maonesho ya vyuo vikuu yanayoratibiwa na TCU yamekuwa yakifanyika katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, takribani kilomita 700 kutoka Singida mjini. Kwa kijana wa Mkalama au Manyoni ambaye ada yake hutokana na mauzo ya alizeti, safari hiyo ni ghali. Taarifa humfikia kupitia mtu anayemfahamu.

Mtu huyo mara nyingi ni mwalimu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo cha mkoa Singida, na utaratibu wake humwezesha mtumishi kusoma bila kuacha kazi. Hivyo basi, mwalimu anayesomea uzamili anaweza kuwa mwakilishi wa chuo chake hata pasipo kuteuliwa rasmi. Wanafunzi humwamini kwa sababu ni mwalimu wao, na pia kwa sababu yeye mwenyewe bado ni mwanafunzi.

Imani hiyo ndiyo inayoleta utata. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mtazamo huo, chuo bora hakihitaji mpiga debe. Hata hivyo, ubora wa chuo haujielezi wenyewe kwa asiyejua kusoma masharti yake. Kwa kawaida, mwombaji wa shahada ya kwanza hutakiwa kuwa na jumla ya pointi zisizopungua 4 katika masomo mawili, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Alama mbili za D hutimiza kiwango hicho, lakini hazitoshi pale programu inapotaja masomo mahususi au pointi za juu zaidi. Aliyesoma Kemia, Biolojia na Jiografia, kwa mfano, hawezi kuziba pengo la Fizikia na Hisabati ya Juu katika programu ya uhandisi kwa wingi wa pointi zake.

Aidha, kupata udahili si kupata mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupokea maombi yake kwa utaratibu wa pekee. Vilevile, aliyedahiliwa na zaidi ya chuo kimoja hupaswa kuthibitisha chuo kimoja ndani ya muda uliopangwa. Mwombaji asiyeelewa hatua hizi anaweza kupoteza ada ya maombi, nafasi, au mwaka mzima.

Hoja ya makala hii ni kwamba uwakilishi hupimwa pale maslahi ya chuo na ya mwombaji yanapotofautiana. Mwakilishi anayemwambia kijana, “Kwa alama zako, programu hii haikufai, tazama ile ya chuo kingine,” hukipunguzia chuo chake mwombaji mmoja. Hata hivyo, hulinda imani ambayo bila hiyo maneno yake yote mengine yangesikika kama tangazo la biashara. Tangazo laweza kuandikwa na ofisi ya chuo. Ushauri wa namna hiyo hutolewa na mtu atakayeonana tena na kijana huyo, au na mzazi wake, sokoni au shuleni.

Kwa hiyo, chuo kinachowatumia wanafunzi wa uzamili na uzamivu kujitambulisha Singida hakina budi kuwaandaa kwa Mwongozo wa Udahili wa TCU kabla ya vipeperushi vyake, na kutowapima kwa idadi ya waombaji waliowaleta.