Kwa Baiskeli Hadi Maporomoko ya Tenwek

Somo la jiografia katika shule zetu za sekondari limewafundisha wanafunzi wengi habari za Maziwa Makuu ya Marekani Kaskazini, na za mfereji wa Welland unaoziwezesha meli kuyaepuka maporomoko ya Niagara. Si vibaya. Lakini mwulize mwanafunzi wa Bomet aliyeutaja mfereji huo bila kusita, maji ya mto Nyangores anaouvuka kila mara yanatoka wapi, na yanafanya kazi gani njiani. Aghalabu atanyamaza.

Huko Marekani wapo watu waufuatao kwa baiskeli mfereji wa Erie, uliofunguliwa mwaka 1825, tangu Albany hadi Buffalo, mwendo wa takriban kilomita 580, kisha wakaenda kuyatazama maporomoko ya Niagara. Sisi hatuna mfereji wa namna hiyo. Hata hivyo, safari ya baiskeli ya kwenda kwenye maporomoko tunayo, na inaweza kumalizika kwa siku moja.

Mwendeshaji huondoka mjini Kericho alfajiri. Nasema alfajiri kwa sababu mvua za huko hupenda kunyesha alasiri, na Kericho ni miongoni mwa sehemu za dunia zipatazo mvua ya mawe mara nyingi mno. Hupita katikati ya majani chai yaliyokatwa yakawa sawa kama zulia, akateremka na kupanda hadi Litein, Kapkatet na Kaplong. Hapo huiacha njia ya Sotik na Kisii, akashika ile ya Bomet mpaka Silibwet, penye njia ya kwenda Tenwek.

Abiria wa matatu huyaona majina hayo kwenye vibao tu. Mwendesha baiskeli hulazimika kuuliza njia, na katika kuuliza hujifunza kwamba ile Kap- ya mwanzo huonyesha mahali au nyumbani kwa fulani. Huambiwa pia kwamba wako wanaolihusisha jina Kericho na neno la Kikipsigis lenye maana ya dawa, na wako wanaolihusisha na mzee wa Kimaasai. Nami kama mwanaisimu sioni darasa lililo bora kuliko hilo. (Neno boda boda nalo, tunalowaitia leo waendesha pikipiki, lilizaliwa kwenye baiskeli zilizovusha abiria mpakani Busia.)

Kule Tenwek, Nyangores huporomoka kwa kishindo. Maji yake hutoka katika msitu wa Mau. Sehemu yake hukingwa na kuelekezwa kwenye mashine za kufua umeme ambazo, tangu mwaka 1987, zimeihudumia hospitali ya misheni iliyo jirani. Niagara iliuangazia mji wa Buffalo mwaka 1896. Kanuni ni ile ile, ila hapa umeme unawasha taa za chumba cha upasuaji. Kutoka hapo mto hupita Bomet, hukutana na Amala, na hiyo mito miwili ndiyo ifanyayo mto Mara, unaonyweshea nyumbu wa Maasai Mara na Serengeti kabla ya kumwaga maji yake katika ziwa Viktoria, upande wa Tanzania. Mti ukatwao Mau, basi, ni jambo la mgonjwa wa Tenwek na la mvuvi wa Musoma pia. Mwanafunzi aliyesimama penye maporomoko wakati wa kiangazi, akaona maji yalivyopungua, hahitaji kukaririshwa hayo.

Kinachonisikitisha ni barabara. Malori na matatu hupita kwa kasi, na mwendesha baiskeli husukumwa kwenye ukingo wenye mashimo. Zipo njia tulivu za ndani ya mashamba ya chai, lakini nyingi ni za makampuni, nazo zina mageti. Sidhani kama ni ombi kubwa kwamba serikali za kaunti za Kericho na Bomet ziketi na makampuni hayo, ili njia chache zifunguliwe kwa wanafunzi siku ya Jumamosi, wakiwa na mwalimu wao.

Walimu wa Silibwet na Bomet, hata hivyo, hawana haja ya kuyangoja mazungumzo hayo. Kwao maporomoko ni mwendo wa asubuhi moja, na wanafunzi wasio na baiskeli wanaweza kwenda kwa miguu.