Habari na Mbebaji Wake: Vyombo vya Habari vya Kidijitali na Masimulizi ya Midia Anuwai Wilayani Kaliua, Mkoa wa Tabora

1.0 Utangulizi

Kaliua ni mji wa njia panda ya reli. Hapo ndipo tawi liendalo Mpanda linapoachana na reli ya kati inayoelekea Kigoma. Kwa miaka mingi gazeti la Dar es Salaam liliufikia mji huo kwa treni au kwa basi, na mara nyingi lilifika limekwisha kupitwa na mambo yaliyoandikwa ndani yake. Siku hizi hali ni kinyume. Bei ya tumbaku, mvua ya mawe iliyoharibu mashamba au ajali ya bodaboda huonekana kwenye simu za watu wa Kaliua, na za ndugu zao walioko Mwanza au Dar es Salaam, kabla mwandishi wa habari hajapata nauli ya kwenda kwenye tukio.

Makala haya yanaeleza badiliko hilo. Mjadala kuhusu vyombo vya habari vya kidijitali huelemea sana upande wa kasi, na kasi ni kweli imeongezeka. Hata hivyo, kwa wilaya kama Kaliua, kilichobadilika zaidi ni nafasi ya mbebaji wa habari, yaani mtu anayejulikana, aliyetoka mahali panapojulikana na habari yake, na anayeweza kuulizwa maswali.

2.0 Habari katika njia ya misafara

Eneo la Urambo na Kaliua limewahi kuwa habari ya dunia. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alifika Kwihara karibu na Tabora akimtafuta David Livingstone. Alikuta njia ya Ujiji imefungwa na vita kati ya Mtemi Mirambo na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, naye akajiunga na upande wa Waarabu. Mapigano ya Agosti mwaka huo yalifika Ulyankulu, jina ambalo Stanley aliliandika kwa tahajia yake kuwa Wilyankuru. Inafaa kukumbuka kwamba mwandishi huyo hakuwapo Ulyankulu siku ya mapigano. Alikuwa amelala na homa nyuma ya uwanja wa vita, na habari ya kushindwa kwa wenzake aliletewa na waliokimbia. Mwezi uliofuata aliondoka Kwihara kwa kuzunguka kusini, akapita Ukonongo, hata akafika Ujiji na kukutana na Livingstone mnamo Novemba.

Gazeti lake lilichapisha habari za mkutano huo Julai 1872, miezi minane hivi baadaye. Ucheleweshaji huo ndio unaozungumzwa kwa kawaida. Lililo muhimu zaidi kwa hoja ya makala haya ni yaliyotokea baada ya hapo. Watu wengi Uingereza hawakumwamini Stanley, wakamhoji hadharani. Alikuwa amekuja na barua na shajara za Livingstone, na familia ya Livingstone ikathibitisha kwamba mwandiko ni wa mzee wao. Stanley alikuwa na chumvi nyingi katika maandishi yake, na maelezo yake kuhusu Mirambo ni ya adui. Lakini alikuwa na jina, alikuwa na mzigo aliotoka nao safarini, na waliomtilia shaka walijua wa kumwuliza.

Wapagazi wa Kinyamwezi walifanya kazi hiyohiyo bila gazeti. Msafara ulipoingia kijijini, wenyeji waliuliza habari za huko utokako, na aliyejibu alikuwa amesimama mbele yao. Akidanganya, angeweza kuumbuliwa na msafara uliofuata katika njia ileile.

Uandishi wa habari wa baadaye haukuvunja mnyororo huo. Gazeti la Kiongozi, lililoanzishwa Tabora mwaka 1950 na Wamisionari wa Kanisa Katoliki, lilikuwa na ofisi na mhariri aliyejulikana alipo. Radio Tanzania, na tangu miaka ya 1990 vituo binafsi na magazeti mapya, viliwategemea waandishi wa mikoani. Wengi wao walikuwa, na hadi sasa ni, waandishi wa kujitegemea wanaolipwa kwa habari iliyotoka tu. Walikuwa wachache na malipo yao yalikuwa duni. Wilaya nzima iliweza kukaa majuma bila kutajwa popote. Si sahihi kuisifu zama hiyo kupita kiasi. Mambo mengi ya Kaliua hayakuandikwa kamwe.

3.0 Simu moja, kazi tano

Masimulizi ya midia anuwai ni usimuliaji wa tukio moja kwa maandishi, picha, sauti, video na michoro, kila kimoja kikibeba sehemu yake ya habari. Katika vyumba vikubwa vya habari kazi hizo hugawanywa kati ya watu kadhaa. Wilayani hufanywa na mtu mmoja mwenye simujanja.

Uchukuliwe mfano wa mauzo ya tumbaku, zao linalobeba uchumi wa Kaliua. Mkulima hupeleka mitumba yake kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS. Mteuzi huipanga kwa madaraja. Bei hutajwa kwa dola kwa kilo. Mwandishi aliyehudhuria soko hilo hurekodi sauti ya mkulima kwa ajili ya taarifa ya habari ya redio. Hupiga video ya wima kwa ajili ya Instagram na TikTok, na nyingine ya mlalo kwa ajili ya YouTube. Hupiga picha moja ya mnato, ambayo ofisini itaongezwa maneno machache ya kuvuta macho. Kisha huandika aya sita za maandishi. Yote hayo lazima yapite katika mtandao wa simu ambao hapo sokoni unaweza kuwa dhaifu, na kwa bando ambalo kwa kawaida amelinunua mwenyewe. Video hupunguzwa ubora ili ipite. Isipopita, hukatwa.

Katika kukatwa huko habari hubadilika umbo. Habari ya tumbaku ina mambo yasiyoonekana kwa kamera: deni la pembejeo alilokopeshwa mkulima, thamani ya dola siku ya malipo, sababu ya mtumba kushushwa daraja. Sekunde sitini za video humwonyesha mkulima akilalamika, na malalamiko hayo ni ya kweli, lakini mtazamaji habaki na njia ya kujua kosa liko wapi. Maandishi ndiyo yenye nafasi ya kueleza hesabu. Maandishi ndiyo pia yasomwayo na wachache zaidi, na mfumo wa majukwaa hayo huyapa nafasi ya mbele yale yanayotazamwa sana. Kwa hiyo mwandishi hujifunza haraka kipi cha kuacha.

Jambo hili halipaswi kuhesabiwa kuwa kosa la teknolojia peke yake. Mhariri anayemlipa mwandishi kwa idadi ya video amekwisha kuamua aina ya habari atakayoletewa.

4.0 Sauti bila mwenyewe

Sehemu kubwa ya habari za Kaliua, hata hivyo, haimpitii mwandishi yeyote. Hupita katika vikundi vya WhatsApp vya wakulima, wazazi wa shule, waumini na madereva, hasa kwa ujumbe wa sauti. Ujumbe huo una nguvu ambayo maandishi hayana: msikilizaji husikia lafudhi, kihoro na hakika ya msemaji. Ukishatumwa tena mara kadhaa, sauti hubaki ileile ilhali msemaji amepotea. Hajulikani ni nani, alisema lini, wala kama alishuhudia. Hapo ndipo tofauti na mpagazi ilipo.

Uzito wa jambo hili unaonekana Ulyankulu. Makazi hayo yalipokea wakimbizi kutoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972. Serikali ya Tanzania ilikuja kuwapa uraia zaidi ya watu 162,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mpango wa awali uliwataka raia hao wapya wahamie mikoa mingine. Ulisitishwa, na hatimaye wakaruhusiwa kubaki. Kwa miaka kadhaa, basi, familia zilisubiri kujua kama zipande zao la mwaka unaofuata au zifunge mizigo. Kwa watu wenye historia hiyo, ujumbe wa sauti usio na mwenyewe unaohusu vitambulisho au ardhi unaweza kumfanya mtu auze ng'ombe.

Hata pale ambapo kamera ni nyingi, ushuhuda hautoshi bila uhakiki. Ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na Bukoba, Novemba 6, 2022, wavuvi walikuwa wa kwanza kuifikia, na video za wananchi wa ufukweni zikasambaa wakati uokoaji ukiendelea. Pamoja na picha zote hizo, siku hiyo zilitangazwa hesabu za watu 26 waliookolewa na 19 waliofariki, ilhali ndegeni walikuwamo watu 43. Idadi iliyosimama baadaye ni 24 walionusurika. Picha haikuweza kuhesabu. Ilibidi mtu apitie orodha, jina kwa jina.

Majukwaa ya uhakiki kama NuktaFakti na JamiiCheck yanafanya kazi hiyo nchini, na yanaifanya vizuri kwa madai yenye sura ya kitaifa. Uvumi kwamba AMCOS fulani ya Kaliua haitalipa wakulima hauwezi kuhakikiwa kutoka Dar es Salaam. Unahitaji mtu wa kwenda kuonana na katibu wa chama.

5.0 Ada, kanuni na njia kufungwa

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka watoa habari mtandaoni kuwa na leseni, kwa ada ya maombi ya shilingi 100,000 na ada ya leseni ya shilingi 1,000,000, mbali na ada ya kila mwaka. Ada hizo zilipunguzwa baadaye. Kwa mwandishi wa wilayani anayelipwa kwa habari, hata kiwango kilichopunguzwa ni kikubwa, na matokeo yake ni ya kushangaza kidogo: mwenye jina na anwani ndiye anayebanwa, wakati ujumbe wa sauti usio na jina hauombi leseni kwa mtu.

Njia yenyewe pia hufungwa, kama ilivyofungwa mwaka 1871. Intaneti ilipozimwa nchini kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, vikundi vya simu vilinyamaza kwa siku kadhaa, na waliotaka kujua hali ya ndugu zao walirudi kwenye redio na kupiga simu za kawaida.

Redio, kwa kweli, ndiyo inayoonyesha namna vyombo vya zamani na vipya vinavyoweza kufanya kazi pamoja. Vituo vingi nchini hupokea jumbe za wasikilizaji kwa WhatsApp. Mtangazaji makini hairushi sauti hewani ilivyo. Humpigia aliyeituma, humwuliza yuko kijiji gani na kama ameliona jambo hilo kwa macho yake, kisha humtafuta mtendaji wa kijiji au kiongozi wa ushirika. Simu mbili hizo hugharimu dakika chache na salio kidogo, na katika vituo vingi salio hilo bado hutoka mfukoni mwa mtangazaji.